Mtoto Juu ya Nguzo

Nguzo ya Bwana Sharubu ilikuwapo njiapanda ya Ukonga tangu mie sijavunja ungo, na sikumbuki kupita pale hata siku moja bila kutema mate. Alikuwa Mjerumani mwenye shamba la mpira, akajijengea sanamu yake mwenyewe angali hai: kichwa, mabega na kifua cha shaba, sharubu zimepinda juu kama mkia wa nge, na chini yake nguzo ya mawe inayompita mtu mzima kwa urefu. Baba yangu alichapwa viboko chini ya nguzo ile kwa kosa la kuchelewa kuvua kofia. Mwingereza alipokuja alibadilisha bendera na pesa na stempu, lakini Bwana Sharubu akamwacha pale pale, kunguru wakimnyea kichwani. Na mate yangu yaliendelea.

Kwa hiyo nikisema kwamba kilichofanywa baadaye juu ya nguzo ile kilinitia kinyaa kuliko Bwana Sharubu mwenyewe, msidhani nilimpenda Mjerumani. Wala msidhani natoa siri za watu. Mie ni kungwi, nimefunda wari, wasichana waliovunja ungo, kuanzia Gongo la Mboto mpaka Pugu, na mdomo wangu najua kuufunga. Haya nitakayoyasema yalishatoka hadharani, na aliyeyatoa alikuwa na haki nayo. Yasiyotoka sitayatoa.

Mwaka ule wa kutawazwa Malkia tuliletewa Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya, kijana wa Kiingereza mwenye shingo nyekundu, anayependa vitu vya kale. Akiingia nyumbani kwa mtu hakutazama watu, alitazama vigoda na miiko. Mama mmoja alimwandalia chai, yeye akapiga magoti kukagua mbuzi ya kukunia nazi. Basi huyo alimwita Jumbe wetu akamwambia kuwa ni aibu Mjerumani kuendelea kuwatunishia watu kifua wakati vita viwili vimepiganwa kumwondoa. Atashushwa, na juu ya nguzo ile kitawekwa kitu cha wenyeji wenyewe, cha kale, ili wajue serikali inawaheshimu. Je, Wazaramo wana nini?

Jumbe huyo alikuwa Kondo, mdogo wangu, tumbo moja.

Nitamtetea kidogo kabla sijamchamba. Kondo alikuwepo siku ile baba alipochapwa. Alikuwa mdogo, amemshika mama kanga, akajikojolea. Aliposikia Bwana Sharubu anashushwa, alilia machozi, na akilini mwake aliona jambo moja tu, kwamba pale alipokaa mtu aliyempiga baba, watakaa watu wetu. Sioni ubaya wa mawazo hayo. Hata mie ningeyawaza.

Lakini hakuuliza. Ndugu zangu, hakuuliza.

Nyumbani kwangu wakati ule nilikuwa na mwali. Tabu, binti wa marehemu mdogo wetu Chausiku, niliyemlea tangu hajaota meno. Alikuwa ndani tangu masika, nyuma ya pazia. Mwali wetu haoni jua na hasemi. Ananong'ona na kungwi wake, basi. Mwanamume akimsemesha, hata akiwa mjomba, hajibu. Akiamriwa jambo analitenda, kimya. Alikuwa ameposwa na Jabiri wa Chanika, na mama yake Jabiri alishasema wazi kwamba mwali atolewe kabla ya mfungo, la sivyo wao watatafuta kwingine.

Na alikuwa na mtoto wake. Mtoto wa mti. Jina tunalomwita sie wanawake silisemi. Urefu wake ni toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Hana mikono wala miguu, ana kifua kidogo na kitovu, na nywele zake zimechongwa mafungu mawili. Alichongwa zama za bibi wa bibi yetu, kabla Mjerumani hajajua njia ya kuja huku, na amepita mikononi mwa kila mwanamke wa ukoo wetu. Mwali hukaa naye, humwogesha, humbeba, humlaza, humpaka mafuta ya nyonyo kila siku aliyojaaliwa kuamka. Mafuta ya wanawake wote wale yalikuwa yamezama ndani ya mti hata ukawa mweusi na laini, ukimgusa ana joto la ngozi. Mie nilimpaka. Chausiku alimpaka. Mwali akitolewa bila mtoto wake, kwetu wanasema tumbo limeachwa wazi, halitashika mimba. Familia ya Jabiri isingekubali kumchukua mwali wa namna hiyo, na kwingine nako asingepata mume, maana maneno hutembea.

Wanaume wanajua kwamba kipo kitu cha mti katika vyumba vya wari. Wao wanakiita Bibi, kwa kuwa kimetoka kwa mabibi. Hakuna aliyewaambia ni bibi. Hakuna aliyewaambia chochote, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilikwenda Kisarawe kwenye matanga. Niliporudi nilimkuta Tabu ameketi ameelekea ukutani, mikono ameikunja kifuani vile vile kama ameshika kitu, na mapajani hamna kitu.

"Mjomba alikuja," alininong'oneza.

Kondo alikuwa amesimama nje ya pazia, akanyoosha mkono wake ndani, akasema, "Nipe huyo Bibi, mwanangu, anakwenda kupewa heshima yake." Tabu hakuweza kujibu. Mkono ukangoja. Kondo akasema, "Kimya chako ndiyo radhi yako," na mkono ukaendelea kungoja. Basi msichana akamfunga mtoto katika kanga yake, akampitisha chini ya pazia.

"Alisema nipe, Mama," alinong'ona. "Ningefanyaje?"

Asingeweza kufanya lolote. Mwali hamkatalii mjomba wake. Ndivyo nilivyomfunda, ndivyo nami nilivyofundwa. Nilitoka bila hata kunawa vumbi la safari.

Kondo nilimkuta barazani kwake, amevaa koti na tarabushi, anapepewa na mkewe.

"Shikamoo dada."

"Shikamoo yako kaa nayo. Kiko wapi ulichokichukua?"

"Bibi yuko ofisini kwa Bwana Shauri. Kaa kwanza, dada, usikie." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Bwana Sharubu anang'olewa. Na Bibi yetu, wa ukoo wetu, si wa ukoo mwingine, anakaa juu ya nguzo ile ile aliyochapiwa baba. Kila Mzungu anayekwenda Pugu na gari lake atainua macho amtazame. Hivi wewe hufurahi?"

"Kirudishe."

"Kwa nini?"

"Mwali anatoka kabla ya mfungo. Kirudishe."

"Si atamwona pale njiapanda? Atamwona kila siku ya Mungu!" Akacheka. "Nipe sababu moja tu, dada. Moja. Nami nitakwenda kumchukua sasa hivi."

Sababu nilikuwa nayo. Ilinijaa mdomoni. Lakini mwanamume haambiwi mambo ya ndani ya pazia, hata akiwa ndugu, hata akiwa anakufa. Nilimtazama mdogo wangu na koti lake, nikautazama ule mkono wake ulioingia chumbani kwa mwali, umepumzika juu ya goti, kucha safi. Kinyaa kilinishika. Nikaondoka.

Nilikwenda hata kwa Bwana Shauri. Sijawahi kuingia ofisini kwa Mzungu kabla ya siku ile wala baada yake. Wazee wote wa baraza walikuwamo, na mkalimani alikuwa karani mmoja kutoka bara, Adelard, kijana Mkristo mwenye adabu zake. Aliniamkia vizuri na kunivutia kiti.

Mtoto alikuwa mezani. Mezani, amelazwa kifudifudi, na pembeni yake kikombe cha chai kilichonywewa nusu na kiko cha tumbaku. Bwana Shauri alikuwa anampima kwa utepe. Alimgeuza chali, akamgusa kifua kwa kidole, akasema kitu, na Adelard akaona haya kukitafsiri.

"Bwana anauliza mama una shida gani," alisema baadaye.

"Nimekuja kumchukua."

"Bwana anasema Jumbe amemtoa kwa hiari. Lakini yeye ni mtu wa haki. Anasema, kama mama ataeleza kitu hiki ni cha nini, kinatumikaje, na akaona kweli kinahitajika, atakurudishia."

Wazee wote wakanigeukia. Kondo naye. Niliona wanataka kujua. Maisha yao yote walitaka kujua. Bwana Shauri alishika kalamu tayari. Ningefungua mdomo ningempata mtoto, na Tabu angetolewa, na mwaka ule ule kila mlevi wa Ukonga angekuwa anaimba mambo ya wari kwenye pombe. Niliketi pale. Nilimwangalia mtoto wetu pembeni ya kikombe, na nilitamani kumpiga yule Mzungu kofi la uso, nilitamani kweli kweli.

"Mama?" alisema Adelard taratibu.

Nikafunga kanga yangu, nikasimama.

"Bwana anasema basi, hana hoja," nilimsikia nyuma yangu.

Walimshusha Bwana Sharubu kwa kamba na minyororo, watu wakashangilia. Nami nilishangilia, sitasema uongo. Alipogonga chini na shingo kukunjika nilipiga makofi. Kisha wakaleta ngazi, na fundi akampandisha mtoto.

Jambo hili nalisema haraka maana hata leo linanichafua moyo. Ili asianguke kwa upepo, walikuwa wamemtoboa kwa chini, wakampitisha nondo ya chuma mpaka katikati ya mwili. Mtoto wa kike. Fundi alimwonesha Bwana Shauri kazi yake, akimtikisa kuonesha hatikisiki, na Bwana Shauri akampa mkono.

Nguzo ilikuwa ndefu na yeye mdogo, kwa hiyo watu walikunja macho kumtafuta. Bwana Shauri alitoa hotuba, Adelard akaitafsiri: huyu ndiye mama wa kale wa Wazaramo, mungu wao wa kike, malkia wao kabla ya malkia. Wazee wakatikisa vichwa kama watu wanaokumbuka. Uongo mtupu! Hawakuwa na la kukumbuka. Kondo alipiga makofi mpaka tarabushi likamkaa upande. Nyuma yangu wanaume wa sokoni walianza mzaha juu ya kifua chake, kwamba bibi mwenye maziwa madogo hivi alinyonyesha nani, na mmoja akamtupia ganda la chungwa kuona kama litamfikia. Lilimfikia.

Kisha likaja jua. Mtoto yule hakuwahi kuwekwa juani. Siku chache hazikupita mafuta yakaanza kumtoka. Yalishuka juu ya mawe, meusi, mazito, na nzi wakaja. Walimfunika kichwa na uso, ukipita unasikia mvumo wao toka upande wa pili wa barabara. Nilisimama pale nikayatazama mafuta ya mama yangu na ya Chausiku yanaliwa na nzi. Wapita njia wakaziba pua. Kondo naye alipita siku moja, nikamwona ameziba pua kwa leso, na alipogundua namtazama akaishusha haraka.

Bwana Shauri alichukizwa. Akasema Bibi ni mchafu. Vibarua wawili wakapanda na ndoo, sabuni na brashi ya kufulia magunia, wakamsugua mchana kweupe, povu jeusi likishuka nguzoni, mpaka likawa jeupe. Alipokauka wakampaka vanishi. Ukimtazama sasa alikuwa anang'aa kama meza ya hoteli. Nzi hawakumtaka tena.

Nyumbani Tabu alikuwa ameacha kula. Mikono yake aliikunja vile vile, na nikiingia na uji ananitazama mikononi kwanza, kisha usoni. Mama yake Jabiri alituma mtu kuuliza siku ya kumtoa mwali imepangwa lini, maana mwezi wa Shaabani ulikuwa unayoyoma. Nilimjibu: karibuni. Nilijua na yeye alijua kwamba alichouliza si siku. Habari zilikuwa zimefika Chanika.

Nilikwenda kisimani, nikawaambia wanawake wenzangu neno moja tu: mtoto wa Tabu analia. Hawakuuliza yupi wala wapi. Ndoo ziliwekwa chini.

Tulikwenda siku ya gulio, mchana, soko limejaa. Tulitoka kwa njia ya shamba la mihogo, wanawake wa Ukonga na wa Gongo la Mboto, na wengine kutoka Pugu walioletwa na habari tu. Tulifunga kanga kama tunavyofunga ndani, tukapiga ngoma zinazopigwa ndani, na tukaimba nyimbo ambazo mwanamume wa kwetu, akizisikia, anajua afanye nini. Anaondoka, hageuki nyuma. Wameambiwa na baba zao kwamba anayetazama anapofuka, na hakuna aliyewahi kujaribu.

Mngeona! Muuza samaki aliacha samaki. Kinyozi alimwacha mteja na povu kidevuni, na mteja akamfuata. Wazee wanaotembelea mikongojo walikimbia bila mikongojo. Kondo alikuwa barazani kwa ofisi yake pale karibu. Nilimwona kwa macho yangu ameshika tarabushi kwa mikono miwili, koti linapepea, anaruka michongoma. Karani Adelard tu, mtu wa bara, alibaki katikati ya barabara na baiskeli yake.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Kimbia, karani!" mtu alimpigia kelele toka vichakani. "Ukitazama unapofuka!"

Adelard alituangalia kidogo tu, akaitupa baiskeli, akakimbia naye.

Wanawake wawili waliniinua mabegani. Nilimshika mtoto kiunoni nikavuta, nondo ikamng'ang'ania. Nikamzungusha huku na huku, taratibu, nikimwomba radhi, na chini yangu wenzangu wanaimba kwa nguvu ili nisijisikie ninavyolia. Alitoka kwa mlio mkavu. Nilimfunga kanga, nikashushwa, tukarudi njia ile ile ya mihogo.

Bwana Shauri alikuwa mjini. Aliporudi alikuta nguzo imebaki na chuma kimesimama juu peke yake. Aliita baraza, akamuuliza mmoja mmoja, nani amechukua sanamu ya serikali. Muuza samaki alisema hakuona. Kinyozi hakuona. Wazee hawakuona. Soko zima lilijaa watu na hakuna aliyeona, kwa sababu mwanamume akisema ameona, ataulizwa ameona nini. Kondo, Jumbe wa serikali, alisimama mbele ya Mzungu wake akasema, "Sikuona, Bwana." Hata Adelard alisema wakati huo alikuwa ameinama anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Wanasema shingo ya Bwana Shauri ilikuwa nyekundu mpaka masikioni, na baada ya hapo hakuzungumzia tena nguzo.

Mngetaka nimalizie hapo. Wanawake walipenda kuisimulia mpaka hapo, kinyozi na povu, wakacheka. Mie sikuweza kucheka, maana nilikuwa nimempeleka mtoto kwa mama yake.

Tabu alimpokea kwa mikono yote miwili. Akamweka usoni kumnusa, kama tunavyowanusa watoto, na uso wake ukakunjamana. Alinuka vanishi. Akamlaza mapajani, akachukua chupa ya mafuta ya nyonyo, akampaka. Mafuta hayakuingia. Yalikusanyika matone matone juu ya ule ung'avu, yakateleza, yakamlowesha Tabu kanga na mapaja. Akapaka tena. Akampaka asubuhi yote, anasugua kwa viganja, na mtoto anang'aa tu, mgumu, wa baridi. Kwa chini tundu la nondo lilikuwa linaingia kidole.

Nilikaa kwenye mkeka nikiwachukia watu. Nilimchukia Bwana Shauri na utepe wake, niliwachukia vibarua, wazee wanaotikisa vichwa, na zaidi ya wote mdogo wangu, tena si kwa roho mbaya yake, maana hakuwa nayo. Niliichukia furaha yake.

Tabu aliimimina chupa mpaka ikaisha. Kisha akaipiga kwenye jiwe la mlangoni, akachagua kigae, akaninyooshea.

"Siwezi," nilimwambia.

Basi akakwangua yeye. Alimshika mtoto katikati ya magoti, akakwangua kuanzia kichwani, taratibu, akipuliza unga unaotoka. Vanishi ilitoka vipande vipande, na chini yake mti ukaonekana, mweupe, mkavu, mbichi kama umechongwa jana. Rangi yote ya mabibi zetu ilikwenda na povu la wale vibarua. Tundu la chini akaliziba kwa nta ya nyuki, akililainisha kwa kidole gumba, na alipofika hapo ndipo machozi yalipomtoka, kimya kimya, bila kusimamisha mkono. Nilimletea mafuta mapya. Safari hii yaliingia.

Tulimtoa mwali mwisho mwisho wa Shaabani. Uani ngoma za wanawake zilipigwa tangu alfajiri, na jua lilipopanda tukamleta barazani mbele, amefunikwa kanga, ameketi kwenye mkeka mpya, mtoto amefungwa kifuani mwake ndani ya nguo, asionekane. Watu wa Jabiri walikaa upande mmoja, wanaume mbali kidogo, mama yake Jabiri mbele, macho yamemtoka. Kwetu mwali hasemi mpaka mjomba wake amfungue kinywa. Mjomba anakuja na doti ya kanga, anaiweka mapajani pake, anamwamkia, na mwali anamjibu. Neno hilo ndilo la kwanza analosema hadharani akiwa mwanamke mzima. Kisha kungwi wake anapiga kigelegele, na hapo ndipo ametoka. Kungwi akinyamaza, mwali anarudishwa ndani.

Kondo alikuja. Hakuwa na koti siku hiyo. Tangu soko lile alikuwa hanitazami usoni, na sasa alipita mbele yangu ameinamisha kichwa, akapiga magoti, akaiweka kanga mapajani pa Tabu. Ule mkono. Nilitazama pembeni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mjomba wako nimekuja. Hujambo?"

Mwali hujibu sijambo, mjomba, shikamoo. Nilimfundisha.

Tabu aliiteremsha kanga kutoka usoni. Sauti yake ilitoka nzito, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Mjomba, siku ile uliponyoosha mkono ndani ya pazia, uliniambia nikupe Bibi. Mle ndani hamkuwa na bibi. Nilikupa mwanangu."

Ngoma zilinyamaza. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumziba mdomo, maana hiyo ndiyo kazi yangu; wanaume wote walikuwa pale, wamesimama, masikio wazi. Ulinyanyuka ukafika katikati. Sikuupeleka mbele.

"Mwanao?" alisema Kondo.

"Nilikuwa namnyonyesha."

Aliangalia kifua cha Tabu, pale nguo ilipotuna, kisha akaviangalia viganja vyake mwenyewe. Nilimwona anafika, kwa mawazo, mahali pamoja baada ya pengine: pazia, meza ya Mzungu, nondo, ganda la chungwa, leso yake puani. Alikaa chini mchangani palepale.

Watu wote sasa walinitazama mie. Mama yake Jabiri alinitazama. Siri ya ukoo ilikuwa imetolewa mchana, mbele ya wanaume, na mwali asiyejua kuifunga siri anarudishwa ndani. Hilo hata mtoto mdogo wa kike anajua. Nilimtafuta moyoni mwangu Kondo aliyejikojolea siku ya baba, ili nimwonee huruma, sikumpata. Nilimtazama Tabu. Hakuwa ameinamisha kichwa. Mkono mmoja ulikuwa juu ya nguo, umemshika mtoto kisogo.

Nikapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupiga, na kabla hakijaisha mama yake Jabiri alishakipokea.